UZI: Tuache kidogo ugomvi wa Jumamosi na Jumapili. Siku yako ya kupumzika, nani kwako anaendelea kufanya kazi?

Kando ya Loleza, Mbeya (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Bwana Yesu asifiwe kwa wanaoitikia hivyo, na Tumsifu Yesu Kristo kwa ndugu zetu wa Dominika.

Mjadala wa Sabato sote tunaujua. Wakae watu wawili wenye Biblia kwenye daladala ya Uyole, mmoja wa Jumamosi na mwingine wa Jumapili. Kabla hamjafika Kabwe mistari yote imeshamwagwa. Kutoka 20, Danieli 7:25, Matendo 20:7, Wakolosai 2:16, halafu Konstantino, yule Kaisari wa Roma, anaitwa kizimbani. Wanashuka kila mmoja na msimamo aliopanda nao. Mimi ni Mmoravian wa kuzaliwa, mke wangu amelelewa Usabatoni, kwa hiyo mistari hiyo kwangu hata watoto wanaijua. Sikuja kuirudia.

Nimekuja na jambo ambalo katika mabishano hayo huwa halipati nafasi. Amri hii imetolewa mara mbili katika Torati, na kila mara ina sababu yake. Kwenye Kutoka 20 sababu ni uumbaji: Mungu alifanya kazi siku sita, akastarehe siku ya saba. Kwenye Kumbukumbu la Torati 5 sababu ni nyingine: kumbuka ulikuwa mtumwa Misri. Yaani wewe uliyekuwa hupumziki, leo una watu chini yako, basi nao wapumzike kama wewe. Orodha ni ndefu kwa makusudi: wewe, mwanao, binti yako, mtumwa wako, mjakazi wako, ng'ombe wako, punda wako, na mgeni aliye ndani ya malango yako. Mwenye nyumba ametajwa kwa neno moja. Waliobaki wote ni watu na wanyama walio chini ya amri yake.

Rudini nyuma mpaka Kutoka 5 muone walikotoka. Musa anaomba ruhusa watu wakafanye ibada jangwani. Farao anajibu kwamba hao ni wavivu tu. Anawaondolea nyasi za kutengenezea matofali, wakazitafute wenyewe, na hesabu ya matofali isipungue hata moja. Sabato walipewa watu waliotoka kwenye hesabu ya namna hiyo. Na kabla hata hawajafika Sinai walianza kufundishwa kwa mana: siku ya sita okota maradufu, siku ya saba usitoke. Kwa mtu aliyezoea kwamba asipozalisha leo anachapwa, hilo halikuwa somo jepesi. Wapo waliotoka siku ya saba na vyombo vyao, wakakuta patupu (Kutoka 16:27).

Sasa njooni Mbeya. Jumapili saa nne asubuhi mwenye duka amekaa kiti cha mbele kanisani, suti imenyooka, na duka lake Mwanjelwa liko wazi. Kijana aliye kaunta yupo hapo tangu Jumatatu. Jumamosi baba na mama wamewahi Shule ya Sabato, dada wa kazi amebaki nyumbani na mtoto mwenye mafua na beseni la nguo. Wote wawili watakwambia wameitakasa siku. Mimi nasema katika ile orodha wametimiza neno la kwanza tu, lile "wewe".

Wenzetu Walutheri wana hazina hapa ambayo sijui kwa nini haihubiriwi. Martin Luther, katika Katekisimu Kubwa ya 1529, hakumfunga Mkristo kwenye siku fulani. Lakini alipoulizwa siku ya mapumziko ni ya nini, sababu ya kwanza aliyoitaja ni ya mwili: watumishi wa kiume na wa kike waliofanya kazi wiki nzima nao wapate siku ya kupumua. Ya pili, ambayo kwake ndiyo kubwa, ni watu wapate nafasi ya kukusanyika na kusikia Neno. Alianza na mfanyakazi.

Na kuna Amosi 8:5, mstari ambao ningependa ubandikwe kwenye kila soko la viazi kuanzia Njombe mpaka Mbeya. Wafanyabiashara wanauliza Sabato itaisha lini wapate kuuza ngano, huku wamepunguza kipimo na kuzidisha bei, na mizani yao ni ya uongo. Duka lao limefungwa kweli, ila kichwani wameshaanza kupima. Anayejua lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kipimo, amenielewa.

Swali langu kwa wa Jumamosi na wa Jumapili: siku yako ikifika, nani kwako bado yuko kazini?

Mpita Njia

Naweka kigoda. Uzi huu utafika mbali.

Sabato Njema, Uyole

Mwanzisha uzi, ya dada wa kazi umesema kweli, na sisi tunaoimba "Ikumbuke siku ya Sabato" tulisikie. Lakini usituvushe daraja haraka. Unasema tuache suala la siku, kana kwamba siku ni ganda tu na kupumzika ndiyo tunda. Mwanzo 2:3 haisemi Mungu alibariki mapumziko. Alibariki siku ya saba, akaitakasa. Ukiniambia 9 Desemba tuihamishie 10 Desemba kwa kuwa la maana ni uhuru wenyewe, nitakuuliza nani amekupa mamlaka hayo.

Yesu mwenyewe aliingia sinagogi siku ya Sabato kama ilivyokuwa desturi yake, Luka 4:16. Paulo kule Antiokia ya Pisidia alihubiri Sabato moja, watu wa Mataifa wakamwomba arudie Sabato iliyofuata, na mji karibu wote ukaja (Matendo 13). Kama Jumapili ilikuwa tayari ndiyo siku, mbona hakuwaambia waje kesho yake?

Halafu utaratibu wetu unasaidia hasa hicho unachokililia. Sabato haianzi ukiamka, inaanza Ijumaa jua linapozama. Ijumaa ni maandalio: chakula kinapikwa, nguo zinapigwa pasi, kuni zinasogezwa. Anayefuata maandalio sawasawa, Jumamosi hana kazi ya kumwachia dada.

Mama Viazi, Makambako

Naomba niulize hapo kwenye maandalio. Anayepika hiyo Ijumaa ni nani?

Sabato Njema, Uyole

Mama yangu, nimeshikwa. Ni mke wangu na mabinti.

Kigango cha Kilolo, Iringa

Tumsifu Yesu Kristo. Nianze na Konstantino, maana najua anakuja. Watu husema yeye ndiye aliyebuni Jumapili. Hapana. Yustino Mfiadini, akiandika Roma katikati ya karne ya 2, anaeleza Wakristo wanavyokusanyika siku ya jua: wanasoma maandishi ya mitume na manabii, wanasikiliza mahubiri, wanamega mkate, wanachangia maskini, na anasema ni kwa sababu siku hiyo Mungu aliianza kazi ya uumbaji na Yesu akafufuka. Konstantino hajazaliwa hata kidogo. Alichofanya mwaka 321 ni kutoa sheria kwamba mahakimu, watu wa mijini na mafundi wapumzike siku hiyo.

Kipo kipande cha sheria hiyo ambacho watu wa Nyanda za Juu Kusini tungekipenda: wakulima waliruhusiwa kuendelea na kazi, kwa maelezo kwamba mara nyingi siku hiyo ndiyo nzuri ya kupanda mbegu au mizabibu na nafasi ikipotea haipatikani tena. Yaani tangu sheria ya kwanza kabisa ya Jumapili, mkulima aliachwa nje. Mimi mkulima wa mahindi, mvua za kwanza zikinyesha Jumamosi usiku mwezi Novemba, naielewa hoja hiyo mpaka kwenye mifupa. Ila Kutoka 34:21 haikubaliani nayo. Inasema hata wakati wa kulima na wakati wa kuvuna, pumzika.

Upande wetu Papa Yohane Paulo II aliandika waraka mzima juu ya siku ya Bwana, mwaka 1998. Humo anasisitiza Misa, lakini pia anasema mapumziko ni haki ya mfanyakazi. Padri kigangoni anatukumbusha la Misa kila wiki. La mfanyakazi nalisikia mara chache sana, labda Mei Mosi.

Sabato Njema, Uyole

Mkuu wa Kilolo, nakubali kuhusu Yustino. Lakini malizia historia yote. Sokrates, mwanahistoria wa Kanisa wa karne ya 5, aliandika kwamba makanisa karibu yote ulimwenguni yalikuwa yakiadhimisha ibada kila Sabato, isipokuwa Aleksandria na Roma. Na Mtaguso wa Laodikia, yaani kikao cha maaskofu, karne ya 4, kanuni ya 29, uliwakataza Wakristo wasipumzike siku ya Sabato. Hukatazi jambo ambalo hakuna anayelifanya.

Mzee wa Ushirika, Rungwe

Wanangu, hamjambo. Nawasoma kimya kimya tangu mchana. Mmetaja Roma, mmetaja Laodikia, niongeze vitu viwili vya karibu zaidi.

Kwanza Ethiopia, Afrika hii hii. Kanisa lao liligombana karne nzima kuhusu jambo hili. Mfalme Zara Yaqob akaitisha baraza pale Debre Mitmaq mnamo 1450, wakakubaliana kuziheshimu siku zote mbili, Sabato ya Jumamosi na Jumapili ya Ufufuo. Wanaendelea hivyo mpaka leo, na bado ni Kanisa moja.

La pili ni letu wenyewe Wamoravian, na vijana wetu wengi hawalijui. Kabaila Zinzendorf, aliyewapokea wakimbizi waliojenga kijiji cha Herrnhut huko Ujerumani, alikuwa akiitumia Jumamosi kupumzika na Jumapili kuhubiri Injili. Wamoravian walioanzisha Bethlehem kule Pennsylvania miaka ya 1740 nao waliishika Jumamosi kama siku ya mapumziko. Wamisionari waliofika hapa Rungwe mwaka 1891 walikuja na Jumapili peke yake, na sisi tukaipokea hivyo. Simlaumu mtu. Nasema tu kwamba mtu wa Jumamosi akipita mbele ya nyumba yako usimwite mpotevu, maana utakuwa umemwita mpotevu na baba yako wa imani.

Kando ya Loleza, Mbeya (mwanzisha uzi)

Ndaga fijo (asante sana), mzee wangu. Hilo la Bethlehem nitalipeleka nyumbani leo leo, mama watoto atafurahi kupita kiasi.

Kwa wa Uyole na wa Kilolo: naona mmeshaufikisha uzi Laodikia, na dada wa kazi bado anafua. Warumi 14:5 inasema mmoja aona siku moja kuwa bora kuliko nyingine, mwingine aona siku zote kuwa sawa, na kila mtu athibitike katika akili zake. Mimi nimethibitika. Sasa tujibu swali.

Kijana wa Bajaji, Mwanjelwa

Wakuu mimi si msomaji sana wa Biblia, ila uzi huu unanigusa. Naendesha bajaji ya mtu. Hesabu napeleka kila jioni, Jumatatu mpaka Jumamosi. Bosi wangu ni mzee wa kanisa, mtu wa Mungu kabisa, Jumapili hapokei hesabu. Anasema Jumapili ni siku yako kijana, nenda kanisani.

Sasa tusikilizane. Siku sita zote pesa ni ya bosi, ikizidi kidogo ndiyo chakula changu. Jumapili ndiyo siku pekee ambayo pesa yote ni yangu. Kodi ya chumba, pesa ya mama kijijini, ada ya mdogo wangu, vyote vinategemea Jumapili. Kwa hiyo Jumapili ndiyo siku ninayokimbia kuliko siku zote. Natoka saa kumi na moja alfajiri, nawapeleka watu ibada ya kwanza, nawarudisha, nawapeleka ya pili, nawarudisha. Nasikia mahubiri kwa spika nikiwa nje nasubiri abiria.

Bosi wangu anaamini amenipa Sabato.

Mpita Njia

Duh.

Mlokole wa Mwanjelwa

Ndugu yangu wa bajaji, pole na kazi. Lakini naona hapa tunarudishwa chini ya sheria. Sabato ilikuwa kivuli, mwili ni wa Kristo, Wakolosai 2:17. Yesu amesema njoni kwangu ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo, nami nitawapumzisha. Waebrania 4 inasema aliyeingia katika raha yake amestarehe katika kazi zake. Sabato yangu mimi ni Yesu. Kila siku kwangu ni Sabato, ndugu zangu. Ibada Jumatano, mkesha Ijumaa, Jumapili ndiyo usiseme!

Kando ya Loleza, Mbeya (mwanzisha uzi)

Mtumishi, Waebrania 4:9 naipenda na ninaiamini: imesalia raha ya sabato kwa watu wa Mungu. Mwandishi anasema hata Yoshua alipowaingiza Kanaani hakuwapa raha ile, kwa hiyo ipo nyingine mbele yetu, na tunaiingia kwa imani. Hapo hatubishani.

Lakini huyu kijana wa bajaji ukimwambia kila siku ni Sabato, jioni ataulizwa hesabu ile ile. Kama kila siku kwako ni Sabato, yule binti anayekuuzia dukani anapumzika siku gani? Ukipata siku yoyote ya kunitajia, hata Jumanne, nimeridhika.

Wewe kijana, nikusemee kitu. Bosi wako ametoa siku lakini hajatoa mapumziko, kwa sababu amepanga hesabu ya siku sita kiasi kwamba huwezi kuishi bila ya saba. Mana ya siku ya sita ilikuwa maradufu. Mungu hakusema tu msiokote. Alitoa kwanza cha kula siku ya saba, ndipo akasema msitoke. Bosi anayetaka kijana wake apumzike Jumapili inabidi apunguze hesabu ya katikati ya wiki mpaka Jumapili ibaki na chakula ndani yake. Hilo halihitaji mtaguso. Ni kalamu na daftari lake la hesabu tu.

Kijana wa Bajaji, Mwanjelwa

Nitamwambiaje maneno hayo mkuu? Atanipa mwingine bajaji kesho.

Zamu ya Usiku, Iringa

Najua. Ni rahisi kuandika hapa kuliko kusema mbele ya mwenye chombo.

Mimi ni muuguzi. Zamu zangu hazijui Jumamosi wala Jumapili, mama mjamzito haangalii kalenda. Kwa miaka mingi niliambiwa kanisani kwamba navunja siku ya Bwana, mpaka mwinjilisti mmoja alinisomea Mathayo 12:5: makuhani hekaluni huinajisi Sabato, wasiwe na hatia. Yesu ameyasema hayo mwenyewe. Na Luka 13, yule mama aliyepinda mgongo miaka 18, mkuu wa sinagogi akakasirika kwamba kuna siku sita za kuja kuponywa. Yesu akamjibu kwamba kila mmoja wao humfungua ng'ombe wake au punda wake siku ya Sabato akamnyweshe maji.

Mimi Sabato yangu huwa Jumanne au Alhamisi, kutegemea ratiba. Nimeona kwamba nikiiacha ijiangukie tu, inaliwa na shughuli: benki, mafundi, vikao vya harusi. Kwa hiyo siku hiyo simu nazima. Majirani waliona nimeringa mwanzoni.

Kuhusu dada wa kazi, watu wajue kuna sheria pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema kazi isizidi siku sita kwa wiki wala saa 45 za kawaida, na kila wiki mfanyakazi apate saa 24 za mapumziko. Akikubali kufanya kazi muda huo, alipwe mara mbili. Sheria hiyo haijamtoa mfanyakazi wa ndani. Bunge limeandika kitu kinachofanana kabisa na Kumbukumbu 5, na makanisani hatulisomi wala hili wala lile.

Mama Viazi, Makambako

Sasa mmefika kwangu. Mimi ni Mlutheri wa KKKT, nauza viazi, nina watoto na mume. Jumapili naamka saa kumi na moja. Chai, watoto waoge, nguo. Ibada ya kwanza. Baada ya ibada mnada wa mavuno, kuku anauzwa mara nne kwa sababu kila anayemnunua anamrudisha madhabahuni. Kisha kikao cha kamati ya ujenzi. Kisha kikundi cha akina mama. Nafika nyumbani saa nane, mume wangu amekaa na wageni wake wawili, wananisubiri nipike. Siku ya pilau hiyo. Jumatatu saa tisa usiku niko barabarani na magunia.

Nimeisoma tena ile orodha ya mwanzisha uzi. Mwana, binti, mtumwa, mjakazi, ng'ombe, punda, mgeni. Mke hayumo! Punda yumo. Nimecheka peke yangu jikoni.

Kando ya Loleza, Mbeya (mwanzisha uzi)

Mama, nimecheka na mimi. Wengi walioichambua amri hii wanasema lile "wewe" la mwanzo linawasemesha baba na mama wa nyumba pamoja, ndiyo maana mke hakutajwa pembeni. Haiwezekani mjakazi apumzike halafu bibi wa nyumba ndiye ashike chungu.

Lakini umegusa kidonda cha pili ambacho nilikiruka kwenye mada: kanisa lenyewe linachosha. Jumapili tumeigeuza siku ya kumalizia kazi zote za kanisa ambazo katikati ya wiki hazikupata mtu. Kamati, harambee, mazoezi ya kwaya, uchaguzi wa viongozi. Mwalimu wa kwaya anarudi nyumbani usiku hana sauti. Isaya 58:13 inaita Sabato siku ya furaha. Mtu akifika Jumapili jioni anaomba Jumatatu ije haraka akapumzike ofisini, hapo kuna kilichoharibika, na wa kukirekebisha ni baraza la wazee.

Sabato Njema, Uyole

Na kwetu hilo lipo. Shule ya Sabato, huduma kuu, mchana chama cha vijana, jioni kufunga Sabato. Mzee wa kanisa anatoka nyumbani asubuhi anarudi giza limeingia. Nilikuwa najitetea hapo juu kuhusu maandalio. Nimeongea na mke wangu kuhusu swali la mama wa Makambako. Amenijibu kwamba Ijumaa ndiyo siku inayomchosha kuliko zote. Tumekubaliana Sabato tule makande yaliyochemshwa Alhamisi na matunda. Mabinti wamegoma kidogo kuhusu makande.

Swali kwa mzee wa Rungwe: nyie mna ng'ombe wa maziwa. Siku ya ibada mnafanyaje?

Mzee wa Ushirika, Rungwe

Tunakamua, mwanangu. Usipomkamua unamtesa, na atapata ugonjwa wa kiwele. Huo ndio ule mfano wa Bwana wa kumfungua ng'ombe akanywe. Ila zamani baba yangu alikuwa na taratibu yake: majani ya Jumapili yalikatwa Jumamosi, na maziwa ya Jumapili jioni hayakuuzwa. Yalikwenda kwa jirani mwenye wagonjwa au mjane. Siku hizi gari la maziwa linapita kila siku, na kijana akiona pesa imemwagwa kwa jirani anaona babu amechanganyikiwa.

Kigango cha Kilolo, Iringa

Mimi nina swali la kimaisha. Nina kibanda cha pembejeo. Nikifunga Jumapili peke yangu, mteja anakwenda kwa jirani, na akishazoea huko harudi. Imani yangu inaniambia funga. Daftari linaniambia usifunge.

Kando ya Loleza, Mbeya (mwanzisha uzi)

Mkuu, soma Nehemia 13 kuanzia mstari wa 15. Watu wanakanyaga shinikizo za zabibu siku ya Sabato, Watiro wanaleta samaki na bidhaa Yerusalemu. Nehemia hakuhubiri tu kwamba kila mtu aipime dhamiri yake. Giza lilipoanza kuingia kabla ya Sabato alifunga malango ya mji, akaweka watumishi wake walinde. Wachuuzi wakalala nje ya ukuta mara moja au mbili, akawaonya, wakaacha kuja. Aliona unachokiona wewe: mmoja akifungua, wote watafungua.

Kupumzika peke yako sokoni ni hasara, kupumzika pamoja si hasara. Na msiniambie haiwezekani. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunafunga biashara mpaka saa nne asubuhi kwa ajili ya usafi, na mteja wa saa mbili anarudi saa nne (Wasabato siku hiyo wana lao la kulalamika, najua). Na huku kwetu vijijini Rungwe na Kyela, msiba ukitokea hakuna anayeshika jembe mpaka marehemu azikwe. Mvua inyeshe isinyeshe. Hakuna anayeogopa jirani atamtangulia kupanda, kwa sababu jirani naye yuko msibani. Kusimamisha kazi kijiji kizima tunaweza, na tumeweza tangu mababu. Tunaliweza kwa ajili ya aliyekufa. Sijaona sababu ya kushindwa kwa ajili ya kijana wa dukani ambaye bado ana pumzi.

Anza na mstari wako wa vibanda. Mkikubaliana wanne watano mnaopakana, hata kama ni kufunga kuanzia saa saba mchana Jumapili, umeshapata lango la kufunga.

Mtoa Hoja wa Tunduma

Mwanzisha uzi unahubiri vizuri, ila hujajibu swali lako mwenyewe. Dada wa kwako anapumzika lini?

Kando ya Loleza, Mbeya (mwanzisha uzi)

Swali halali. Nyumba yangu ina siku mbili za ibada, kwa hiyo ingekuwa rahisi sana yeye afanye kazi siku zote mbili. Utaratibu wetu ni kwamba anaondoka Jumamosi baada ya chai, anakwenda kwa shangazi yake Ilemi, anarudi Jumapili jioni. Ibada anachagua mwenyewe. Mke wangu alilisimamia hilo tangu tulipooana. Alisema binti hawezi kuwa yeye tu kwenye nyumba nzima ambaye hana Sabato kabisa wakati sisi tuna mbili.

Kigango cha Kilolo, Iringa

Nimeongea na wenzangu wawili wa mstari wetu. Mmoja amekubali kufunga saa saba. Wa pili ni Mwislamu, anasema yeye yuko tayari Jumapili akisaidiwa na Ijumaa mchana. Nimeona ni haki.

Mama Viazi, Makambako

Safi sana. Sasa na sisi tunaosafirisha, nani atamwambia tajiri wa lori? Maana viazi vinapakiwa Jumapili jioni ili vikute soko la Dar asubuhi, na lori akilisubirisha Jumatatu anasema kwa heri mama, natafuta mzigo Njombe.

Kijana wa Bajaji, Mwanjelwa

Mama, mkimpata wa kumwambia tajiri wa lori, aje na Mwanjelwa aseme na bosi wangu.